Tororo, Kumsikiliza Yatima Mwenye Mama

Niliondoka Busia kwenda Tororo kwa ajili ya mama mkwe wangu, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani nilikwenda kustarehe. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko upande wa Kenya, karibu kabisa na kizuizi cha mpakani, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kazi kuliko zote, maana ndipo watu wanapokuja kuchukua nguo za kwendea kanisani. Mtu wa namna hiyo hafungi kibanda Jumamosi akapande lori kwenda kutazama Wazungu wakiimba. Mimi nilifunga, na niliyoyakuta huko bado yananichoma.

Kisa chenyewe ni Ajiambo, mdogo wake mke wangu Nabwire. Ajiambo alikuwa na sauti tangu utotoni, sauti ya kumfanya mtu aache jembe asikilize. Mwaka mmoja kabla ya safari hii, kundi la wachezaji kutoka Nairobi lilipita kwetu likitafuta wasichana wa Kiafrika wa kuitikia katika mchezo wao wa jukwaani. Ni mchezo wa zamani, unaimbwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na Wazungu wanaujua kama sisi tunavyozijua nyimbo za Krismasi. Ajiambo akaenda nao. Hakumuaga mama yake, kwa kuwa alijua angejibiwa nini. Tangu siku hiyo, ukimtajia mama mkwe jina la Ajiambo, alisema, "Sina mtoto wa jina hilo," kisha akaendelea kumenya mihogo.

Basi dereva wa lori la pamba akatuletea ujumbe wa mdomo kutoka kwa Ajiambo. Kundi lao lingecheza Tororo Jumamosi mchana, kisha Kampala, na kutoka Kampala wangekwenda nchi za mbali. Hata yeye hakujua wangerudi lini. "Mwambieni mama aje anione kabla sijaondoka." Nabwire alivuka mpaka kwenda Sikuda kwa mama yake akiwa amejiandaa kufukuzwa. Alirudi jioni na kitambaa mkononi.

"Mama anasema atakwenda," aliniambia, naye mwenyewe hakuamini. "Na anasema umpindie hiki. Upinde mara mbili, na pindo lishike."

"Cha nini?"

"Baba Okumu, mimi nimetumwa tu."

Kilikuwa kitambaa kizito cha buluu, kikubwa cha kumfunika mtu mzima. Nilikipinda mara mbili kama nilivyoagizwa, nikapitisha uzi mara mbili, maana kazi ya mama mkwe haifanywi ovyo.

Hapa niwaeleze wasomaji walio mbali na kwetu. Mimi na mama mkwe hatushikani mkono. Hatuli pamoja wala hatukai pamoja, na haifai nimwone hata kichwa chake kikiwa wazi. Akitaka kusema nami husema na Nabwire, ingawa mimi nipo palepale na ninasikia kila neno. Si uadui, ni heshima, na ninaishika. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, kwa kuwa wote walionikasirisha Tororo walilisahau au walijifanya wamelisahau.

Jumamosi asubuhi tuliondoka na lori lile lile la pamba. Nilivaa suti niliyojishonea mwenyewe, ya kijivu. Mpakani hakuna aliyetuuliza kitu, maana kila mtu pale anatujua, na mpaka Sikuda nilikaa mbele na dereva na mke wangu kama bwana. Mama mkwe alikuwa akitusubiri kando ya barabara, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, kikapu kwenye mkono. Dereva akasimamisha gari.

"Mama, ingia hapa katikati, iko nafasi," akasema. "Fundi, wewe sogea kidogo."

"Nisogee niende wapi? Huyo ni mama mkwe wangu!"

"Woo! Basi wewe panda juu."

Nikapanda juu ya magunia ya pamba na suti yangu. Njia ilikuwa kavu. Vumbi jekundu lilinipata kichwani na masikioni, na nyuzi za pamba zikanishika mgongo mzima. Chini yangu nilimsikia Nabwire akicheka na dereva. Sikuona cha kuchekesha.

Tulifika Tororo jua likiwa utosini. Mwamba wao umesimama katikati ya mji kama kawaida, na vumbi la kiwanda cha saruji lilikuwa limetua juu ya majani ya migomba. Mwenyeji wetu alikuwa Othieno, mtu wa kabila la Jopadhola, fundi mwenzangu. Tulijifunza kushona pamoja tukiwa vijana. Yeye ndiye niliyemwagiza atununulie tiketi tatu.

"Karibuni sana," alisema akitupokea mlangoni. "Tiketi iko. Nilipigania sana. Nyinyi tatu nakaa mstari moja, namba nafuatana!"

Alikuwa amejaa fahari. Nikamwonyesha kwa macho mama mkwe aliyekuwa akishuka upande wa pili wa lori. Othieno akashika kichwa. Kwao mila ni hiyo hiyo.

"Ndugu yangu, hukusema nakuja na nani! Ulisema tiketi tatu!"

Kweli sikusema, lakini nilikasirika hivyo hivyo, na nilikula kwa hasira. Mama mkwe alikula ndani na wake za Othieno, mimi nikala nyuma ya nyumba, nimeelekea shamba la mihogo. Kuku walinizunguka. Walikuwa wema kuliko watu wengi niliowakuta baadaye siku ile.

Mchana huo huo tulikwenda kwenye ukumbi. Mbele kulikuwa na viti vya mito, vya Wazungu na matajiri wa Kihindi, na nyuma mabenchi yetu. Uhuru ulikuwa umeshafika pande zote mbili za mpaka, lakini mabenchi yale yalikuwa hayajapata habari. Nilimwacha Nabwire na mama yake kwenye namba zao, nikaenda kusimama nyuma kabisa, ukutani. Bawabu akanifuata. Alikuwa kijana mnene mwenye koti la vifungo vya shaba lisilomtosha.

"Wewe, mbona nasimama huko? Tiketi yako nasema hapa, karibu na huyu mama."

"Huyu mama ni mama mkwe wangu."

"Mkwe ni mkwe, namba ni namba."

"Kwenu mnakaa bega kwa bega na wakwe?"

Alivuta koti lake lifunge tumbo. "Nyumbani hapana," akasema. "Lakini hapa ni kazi."

Jibu hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Mtu akivaa koti la kazini anazivua mila za kwao? Nilimwambia nimelipia kiti na ninaruhusiwa kutokikalia, akaniacha huku akinitazama kama mwizi.

Pazia likafunguliwa. Nitakuwa mkweli: muziki ulikuwa mtamu. Kulikuwa na piano na fidla, na mtu mmoja mwenye tarumbeta aliyekuwa na pumzi ya ng'ombe. Hadithi ilihusu binti wa mwenye kinu cha kusaga ngano, na askari aliyempenda, na baba aliyekataa. Mambo kama hayo tunayo hata huku. Lakini nguo! Askari mkubwa wa mfalme alivaa koti lililokunjwa chini na kushikizwa kwa pini. Pini! Nilizihesabu kila alipogeuka, na kila alipoimba juu ya utukufu wake mimi nilisubiri apasuke.

Sehemu ya pili ilikuwa ya majira ya baridi. Kwao, baridi ikizidi huanguka kutoka mbinguni kitu cheupe kama unga. Kwa kuwa kitu hicho hakipatikani Tororo, walimwaga pamba. Walifunika jukwaa zima kwa pamba safi iliyochambuliwa, ile ya daraja la kwanza ambayo mkulima wa kwetu huipeleka kununuliwa akitetemeka isije ikakataliwa, nao wakaikanyaga kwa viatu! Mabenchi ya nyuma yakaanza kunung'unika. Wengi wetu pale tulikuwa watu wa pamba, na mama mkwe ni mmoja wao. Nilimsikia akimwuliza Nabwire, "Kwani hawa wamekosana na nani?"

"Ni baridi, mama. Wanaigiza baridi."

"Pamba ndiyo baridi?"

Hapo ndipo Ajiambo alipotokea. Mpaka wakati ule alikuwa katika kundi la waitikiaji nyuma, huwezi kumtofautisha na wengine. Sasa alikuja peke yake, miguu mitupu, amevaa gauni lililochanika makusudi, akipita mbele ya kinu akitetemeka. Alikuwa yatima anayepita njiani. Hakuwa na sehemu nyingine, ni wimbo huo mmoja tu. Tarumbeta ikanyamaza, piano ikashuka chini, naye akaimba kwa Kiingereza. Mzungu mmoja mwanamke huko mbele alitoa leso. Sauti ile ilikuwa imekua.

Mama mkwe hajui Kiingereza. Nilimwona akimwinamia Nabwire. Nabwire akasita, mama akamgusa goti, basi akamwambia. Baadaye nilijua alivyomwambia: "Anamwita mama yake. Anasema, mama uko wapi, sina mama wa kunifunika."

Asije mtu akasema mama mkwe wangu alikuwa mshamba asiyejua mchezo ni mchezo. Alijua. Lakini kwetu, mwimbaji akikuita ndani ya wimbo, kwenye sherehe au matangani, hakuna kusubiri amalize ndipo umjibu. Unasimama palepale, unamwendea, unamtuza, na kila mtu anaona kwamba aliyeitwa yupo. Ukibaki umekaa, umemwacha aite hewa. Na yule alikuwa mtoto wake, akisema mbele ya mji mzima kwamba hana mama. Angekaaje?

Mama mkwe aliinuka. Alitoa kile kitambaa cha buluu ndani ya kikapu, akapita katikati ya ukumbi, akavipita viti vya mito, akapanda ngazi za jukwaa polepole. Alizungukia pamba asiikanyage. Ajiambo alimwona, na sauti ikamkatika. Mama akamfunika mabegani, akamgeukia kila mtu, akasema kwa Kisamia, kwa sauti ya kusikika hata nje, "Mama yake ni mimi. Niko hapa."

Mabenchi ya nyuma yalipiga vigelegele. Viti vya mbele vilikaa kimya. Kisha akatoka mwenye kundi, Mzungu mrefu mwenye tai ya kipepeo, mbio, amewiva kama pilipili.

"Nani nalete hii mama? Toa yeye! Upesi!"

Bawabu akanionyesha kwa kidole. Mtu niliyembishia kuhusu kiti! Yule Mzungu akanipigia kelele kutoka jukwaani, "Wewe! Shika mama yako, toa yeye!"

"Siwezi kumshika," nikasema.

"Kwa nini hapana weza? Wewe nakataa?"

"Ni mama mkwe wangu! Mimi simshiki, na wewe pia usimshike!"

Nilikuwa nimeshafika katikati ya ukumbi. Hasira zilinipanda hata miguu ikawa haigusi chini. Lakini niambieni, ningefanya nini? Ndani ya ukumbi ule mwanamume wake alikuwa mimi peke yangu, na ni mimi peke yangu nisiyeruhusiwa kumgusa. Yule Mzungu alimsukuma mama pembeni, akashika kitambaa. Katika kusukumwa, kile kitambaa cheupe cha mama mkwe kikamdondoka kichwani.

Nikageuka nikatazama ukuta.

Nilisimama hivyo, uso kwa ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nyuma yangu nilisikia vishindo, nikasikia kitu kikivunjika, kisha ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Wakubwa kwa wadogo, nyuma mpaka mbele. Nilijua wanamcheka nani. Mwanamke mzima, mkulima anayeheshimiwa Sikuda yote, anachekwa kichwa wazi na watu waliokula magimbi asubuhi hiyo kama yeye. Sijawahi kuwachukia watu wa Tororo isipokuwa kwa muda ule, na niliwachukia kwa moyo wangu wote.

Bawabu alitutoa nje kwa mlango wa pembeni. Mama mkwe alikuwa ameshajifunga kichwa, amebaki palepale mlangoni. Kikapu chake kilikuwa kitupu. Nabwire alikuwa ameziba uso kwa leso, mabega yakimtikisika, nikajua analia.

"Kitambaa kiko wapi?" nikauliza.

"Kimebaki ndani."

"Kimebaki! Wametufukuza na kitambaa wamechukua? Nilikishona kwa mikono hii! Nakwenda kukidai sasa hivi!"

"Baba Okumu, ngoja."

Kupitia madirishani wimbo ulianza upya. Piano ilikuja, na sauti ya Ajiambo, kisha pakafika mahali sauti ikakoma, piano ikaendelea peke yake, tupu, kama mtu anayetembea bila mwenzake. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Wamemtoa jukwaani. Wamemfukuza kazi kwa sababu ana mama.

Nilielekea mlango wa mbele. Mama mkwe akasema, akimtazama Nabwire, "Mwambie aache."

"Mama, wamemtoa mtoto!" nilisema, nikisahau kabisa kwamba sipaswi kumjibu moja kwa moja.

"Mwambie aache," alirudia, akaanza kutembea.

"Nabwire, nini kilitokea mle ndani?"

Nabwire alitoa leso usoni. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini sikuuelewa uso wake. "Mwache mama aseme mwenyewe," akasema. "Habari ni yake."

Tulimuaga Othieno, aliyetufungia magimbi ya njiani na kuomba radhi kwa ajili ya mji wake wote. Lori lilikuwa limeshapakua pamba. Wao walipanda mbele, mimi nikasimama nyuma kwenye bodi tupu, nimeshika vyuma, nikirushwa kila shimo. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia yule Mzungu. Nilimtungia na bawabu ya kwake. Nilitunga hata ya mwenye tarumbeta, ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Tulifika Sikuda kabla jua halijazama. Dereva alizima gari. Mama mkwe alishuka upande ule, mimi nikashuka upande huu, lori likawa katikati yetu kama inavyofaa. Nilisikia akikohoa kidogo, na hapo akaanza kusema kwa sauti iliyonyanyuka, ya mtu anayemwambia mwanawe jambo ambalo mwingine anapaswa kulisikia.

"Nabwire, mwambie mkwe wangu aache kuwatukana watu wa Tororo. Tangu tulikotoka nasikia akiongea peke yake huko nyuma. Mwambie hakuna aliyenicheka mimi."

Nilishika bodi ya lori.

"Mwambie yule Mzungu alivuta kitambaa, na Ajiambo akakishika upande wa pili. Kwa mikono miwili. Yule akavuta, huyu akavuta. Mzungu aling'ang'ania kama mtu anayefukua muhogo, mpaka kikamponyoka, akaanguka juu ya kile kinu chao, kumbe ni cha karatasi. Watu wakacheka. Hata wale wa viti vya mbele walicheka."

Dereva alikuwa ameinamia usukani, akitikisika.

"Mwambie mtoto hakutolewa. Alijifunga kitambaa chake, akaanza wimbo wake upya, mimi nikitazama kutoka mlangoni. Kuimba aliimba. Ila ile sehemu ya kusema hana mama, aliifumbia mdomo. Akaiacha piano ipite peke yake."

Hapo sauti yake ilibadilika.

"Na mwambie fundi," akasema, "pindo lilishika."

Nilisimama upande wangu wa lori, mkono juu ya bodi, nikalia bila aibu, kwa kuwa hakuna aliyeniona.

Tuliporudi Busia nilifungua kibanda asubuhi ya Jumatatu, na wenye nguo zao za Jumapili walinitukana sana, nikawavumilia. Mkitaka kujua nilichojifunza Tororo, ni kidogo. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuvuka mpaka, akapanda juu ya magunia na suti mpya, akalipia kiti, na lile la maana kuliko yote likatendeka yeye akiwa ameangalia ukuta. Hilo sijalimeza. Yule Mzungu mwenye kundi sijamsamehe kumsukuma mama wa watu, na bawabu nikimkuta sokoni nitamwambia lake. Nimeshona nguo nyingi, na moja tu imewahi kupanda jukwaani, nami sikuiona.

Wiki iliyopita nilikuwa Sikuda, nyuma ya nyumba, mahali pangu. Mgeni alifika akaongea na mama mkwe jikoni, akamwuliza ana mabinti wangapi.

"Wawili," alisema mama mkwe. "Mmoja yuko safarini."

Kisha nikasikia kisu kikiendelea kumenya mihogo.